Wahafidhina wa Uingereza walizipataje kura za wafanyakazi?

SWALI: Mhariri, ninasoma sayansi ya siasa hapa Dodoma. Katika semina yetu mwenzetu mmoja alidai kwamba chama cha Conservative cha Uingereza, kwa kuwa ni chama cha wenye mali, hushinda uchaguzi kwa wingi wa fedha za matangazo tu. Sikuridhika, lakini nilikosa hoja ya kumjibu. Je, wahafidhina humwambia nini mtu wa kipato cha chini hata awape kura yake?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, fedha zilikuwapo, lakini mwenzako ameacha sehemu kubwa ya habari. Turudi mwaka 1978, Margaret Thatcher, kiongozi wa Conservative, akiongoza upinzani na James Callaghan wa chama cha Labour akiwa Waziri Mkuu. Kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi ilikitengenezea chama cha Thatcher bango lenye foleni ndefu ya watu mbele ya ofisi ya wasio na ajira, likiwa na maneno ambayo kwa lugha yetu ni "Labour haifanyi kazi". Kwa kuwa jina la chama hicho kwa Kiingereza lina maana ya kazi, maneno hayo yalisema mambo mawili kwa pamoja: serikali imeshindwa, na mfanyakazi hana ajira. Bango halikumtaja mwenye kiwanda wala halikufundisha nadharia ya soko huria. Lilimlenga mtu aliyezoea kuipigia kura Labour, tena kwa jambo alilolijua mwenyewe.

Hata hivyo, bango peke yake lisingetosha. Majira ya baridi yaliyofuata yalijaa migomo, takataka zikarundikana katikati ya London, na Liverpool hata wachimba makaburi wakagoma, kwa hiyo wananchi wakayaona kwa macho yao yale waliyokuwa wakiambiwa. Naye Thatcher, binti wa mwenye duka la vyakula wa mji wa Grantham, aliuzungumzia uchumi wa taifa kama bajeti ya nyumba, katika nchi ambayo mwaka 1975 mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 24. Wachumi wengi hawaukubali mfano huo, na nadhani wana haki, lakini mtu anayehesabu matumizi ya wiki aliuelewa bila kufafanuliwa. Tarehe 3 Mei 1979 chama chake kilishinda kwa kuvizidi vyama vingine vyote kwa viti 43.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni nyumba. Ilani ya mwaka huo iliwaahidi wapangaji wa nyumba za halmashauri, yaani nyumba za serikali za mitaa, haki ya kuzinunua, na sheria ya makazi ya 1980 ikaitimiza: aliyepanga kwa miaka 3 alipata punguzo la asilimia 33, nalo liliongezeka kwa kadiri ya miaka yake hadi kufikia asilimia 50. Kabla ya muongo huo kwisha, nyumba zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Uhafidhina hudai kulinda kilichopo, na mtu asiye na chake hana sababu ya kuusikiliza. Sera hii ilimpa mfanyakazi kitu cha kulinda. Ni kweli kwamba uhaba wa nyumba za kupanga uliofuata umewaumiza wengi, na usiufiche katika semina yenu. Hata hivyo, hapo ujumbe ulikuwa na hati ya nyumba ndani yake, jambo ambalo tangazo haliwezi kulizalisha.

Linganisha na mwaka 2005, chama kikiongozwa na Michael Howard, ambapo kaulimbiu iliwauliza wapiga kura kama wanawaza yale ambayo chama kinawaza, huku mkazo mkubwa ukiwekwa kwenye uhamiaji. Swali hilo lilinong'ona hofu bila kuahidi chochote nyumbani kwa mtu, nacho chama kikaambulia viti 198. Mwaka 2019 Boris Johnson, kiongozi wa chama wakati huo, aliahidi kukamilisha Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ahadi fupi ambayo utekelezaji wake ungeonekana wazi, akapata viti 365, kikiwamo cha Bolsover, jimbo la wachimbaji wa makaa ya mawe lililokuwa mikononi mwa Labour tangu lilipoundwa mwaka 1950. Katika uchaguzi wa 2024, baada ya miaka ya bei kupanda na mawaziri wakuu kubadilishwa, chama kilibaki na viti 121, na Bolsover ikarudi Labour.