Rangi ya maandishi kwenye Google Docs: niliyojifunza kwa aibu

"Mwanangu, kwani mimi nimekufa lini?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mmoja wa kikundi chetu, karatasi ameishika mkononi, miwani imeshuka puani. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaouza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Vikao vyetu tunavipanga wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua sokoni, na akina mama wanapata nafasi ya kukaa chini.

Kwa kikao hicho nilikuwa nimeandaa taarifa ya marejesho kwenye Google Docs, programu ya Google ya kuandikia hati, na nikajitia ufundi wa rangi. Waliomaliza mkopo nikawaandika kwa kijani, kile kijani cha kuwaka. Wanaodaiwa nikawapa nyekundu. Kwenye skrini ilipendeza hasa! Nikaituma kwa WhatsApp kwenye steshenari moja ya mjini, nikaomba nakala 30 za nyeusi na nyeupe, maana kuprinti kwa rangi ni gharama na mfuko wa kikundi si wangu. Kijana akaprinti moja, nyingine akazitoa fotokopi. Nikalipa, nikazitia kwenye bahasha bila hata kuzitazama.

Kikaoni ndipo mambo yakaharibika. Wadaiwa wote walisomeka vizuri, kijivu kizito kabisa. Waliolipa hadi shilingi ya mwisho ndio waliokuwa wamepotea. Ukiinamisha karatasi kwenye mwanga ungeona kivuli cha jina, basi. Mama aliyeniuliza alikuwa amemaliza deni lake wiki ileile, na alikuwa amemleta binti yake amsomee jina lake likitajwa kati ya waaminifu. Mama mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilisimama nikasoma orodha nzima kutoka kwenye simu.

Sababu yake ni hii. Printa ya nyeusi haijui kijani wala nyekundu. Inachojua ni wino mwingi au wino kidogo. Rangi yenye mwanga mkali inapewa wino kidogo, rangi nzito inapewa mwingi. Kijani cha kuwaka kina mwanga mwingi kuliko nyekundu, njano ndiyo imezidi, na ukishaitoa fotokopi kile kijivu hafifu kinayeyuka.

Sasa njia yenyewe, kwa wasioijua. Kwenye kompyuta, chagua kwanza maneno unayotaka kwa kuyaburuzia kipanya. Kisha tazama juu kwenye vitufe, utaona herufi A yenye mstari wa rangi chini yake. Bonyeza hapo, kisanduku cha rangi kinafunguka, chagua. Pembeni yake kuna alama ya kalamu. Hiyo inapaka rangi nyuma ya maneno, kama markapeni ya wanafunzi, na watu wengi wanazichanganya hizi mbili. Usipochagua maneno kwanza, yaliyokwisha kuandikwa hayabadiliki. Rangi inaanza na utakachoandika kuanzia pale kishale kilipo. Nimewahi kulalamika kwamba programu imeharibika, kumbe nilisahau hilo tu.

Kwenye simu, fungua hati, gusa penseli ya chini kulia, kisha kandamiza neno mpaka lichaguliwe na uvute vile vishikizo viwili mpaka mwisho wa unachotaka. Juu kuna herufi A yenye vimistari pembeni. Iguse, nenda sehemu ya maandishi, utakuta rangi. Ni kazi ya vidole vyembamba. Orodha ndefu naiacha mpaka nifike kwenye kompyuta.

Ndani ya kile kisanduku, mstari wa rangi kali ndio unaomvutia kila mtu, na ndio ulioniponza. Kwa maandishi, shuka kwenye mistari ya chini kabisa, zilipo rangi nzito. Kijani ninachotumia sasa ni 38761D na nyekundu ni 990000. Namba hizo unaziingiza kwa kubonyeza alama ya kujumlisha iliyo chini ya rangi. Zimepangwa kwa jozi tatu: ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu, na kila jozi inaanzia 00, yaani hakuna kitu, mpaka FF, yaani imejaa. Ukishazielewa, unaweza kuipata rangi ileile ya kikundi kila mwezi bila kubahatisha kwa macho. Kijani kilichoniaibisha ni 00FF00, kijani kimejaa mpaka pomoni na hakuna kingine.

Lakini hata rangi nzito siiachii kazi peke yake tena. Nyekundu nzito na kijani kizito vikiprintiwa kwa nyeusi vinakaribiana sana, na wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili hata kwenye skrini. Kwa hiyo nimeongeza safu yenye neno AMEMALIZA au ANADAIWA. Rangi imebaki kuwa pambo la kumsaidia anayesoma kwenye simu. Nadhani hapo ndipo wengi tunakosea, tunaigeuza rangi kuwa taarifa.

Kuna kero nyingine: rangi usizozitaka. Ukinakili kitu kutoka mtandaoni, mara nyingi kinakuja na rangi zake, kijivu cha ajabu au bluu ya viungo. Bandika kwa Ctrl, Shift na V kwa pamoja, maneno yataingia yakiwa matupu. Kama yameshaingia, yachague ubonyeze Ctrl na alama ya mkwaju ulioinama nyuma (\). Angalia tu kwamba hiyo inafuta na herufi nzito na mlazo, kwa hiyo usiifanyie hati nzima uliyoipamba kwa saa mbili. Ukikosea, Ctrl na Z inakurudisha.

Na kama una vichwa vingi vya habari, usivipake kimoja kimoja. Paka kimoja, kiache kikiwa kimechaguliwa, nenda kwenye kisanduku cha mitindo ya aya, elekea kwenye jina la mtindo wa kile kichwa na uchague kuusasisha mtindo ufanane na ulichochagua. Vyote vya ngazi hiyo vinabadilika papo hapo, mradi ulivipa mtindo huo tangu mwanzo na hukuvikuza kwa mkono tu.

Steshenari bado ni ileile. Tofauti ni kwamba nalipia ukurasa mmoja kwanza, nautolea na fotokopi moja, nasoma majina yote palepale kaunta watu wa nyuma yangu wakiguna, halafu ndiyo namwambia kijana aendelee na 28 zilizobaki.