Maswali ya Wasomaji: Pumzi ya Rubani wa Ndege ya Kivita

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: inakuwaje rubani aliye ndani ya ndege ya kivita ya kisasa akose hewa ya kuvuta? Tumechagua zile zinazogusa kiini cha tatizo.

Ndugu Mhariri, wapagazi wetu hufika Uhuru, mita 5,895, bila chupa ya oksijeni. Kwa nini rubani apoteze fahamu kwenye kimo hicho hicho? (Msomaji, Moshi)

Tofauti ni muda. Anayepanda Kilimanjaro hutumia siku kadhaa njiani, na mwili wake hupata nafasi ya kuongeza kasi ya kupumua huku figo zikirekebisha kemia ya damu. Rubani hufika kimo hicho kwa dakika chache, na mwili wake bado uko pwani.

Asilimia ya oksijeni haibadiliki: ni 21 ufukweni na ni 21 kileleni. Kinachoshuka ni kanieneo, yaani msukumo, ya hewa yenyewe. Usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki. Kwenye futi 18,000, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, ni nusu yake. Mtu ambaye mwili haujazoea hubaki na dakika 20 hadi 30 za akili timamu kwenye futi 18,000. Kwenye futi 25,000 ni dakika 3 hadi 5. Kwenye futi 35,000 ni nusu dakika hadi dakika moja, na kwenye 40,000 ni sekunde 15 hadi 20. Hapo hatuhesabu muda wa kuzimia. Tunahesabu muda ambao mtu bado anaweza kujisaidia, na huo huisha kabla macho hayajafumba. Ubaya wa kupungukiwa oksijeni ni kwamba hakuumi. Wengi hujisikia vizuri, hata kuchangamka, huku uamuzi wao ukiharibika.

Msomaji ajue pia kwamba kabini ya ndege ya kivita si kama ya abiria. Ya abiria haizidi kimo cha futi 8,000 hata ndege ikiwa 40,000. Katika ndege nyingi za kivita, kabini hubaki futi 8,000 mpaka ndege ifike karibu futi 23,000, kisha huzidi kanieneo ya nje kwa pauni 5 tu kwa inchi ya mraba. Ndege ikiwa futi 40,000, rubani anaishi kwenye kimo cha futi 16,000 na ushei. Hufanywa hivyo ili umbo la ndege liwe jepesi, na ili kioo kikitobolewa mlipuko wa hewa usiwe mkubwa. Ndiyo maana barakoa haivuliwi.

Nasomea ufundi wa ndege. Oksijeni inatoka wapi, na mtambo wake huharibika vipi? (Msomaji, Nairobi)

Zamani ilibebwa ikiwa kimiminika, kwa nyuzi 183 chini ya sifuri, na lita moja hutoa takriban lita 860 za gesi. Ni njia ya kuaminika, lakini inahitaji gari maalumu la kujazia na mafundi waangalifu sana, kwa sababu oksijeni hiyo ikikutana na grisi huwaka. Tangu ndege za AV-8B Harrier za miaka ya 1980, majeshi mengi yamehamia kwenye mtambo unaochuja oksijeni ndani ya ndege yenyewe.

Hewa moto huchotwa kwenye kompresa ya injini, hupozwa, huondolewa unyevu, kisha husukumwa ndani ya mkebe wenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana. Nitrojeni hunasa kwenye punje. Oksijeni hupita pamoja na agoni, gesi nyingine iliyomo kidogo hewani. Baada ya sekunde chache vali hugeuza njia: mkebe wa pili unafanya kazi, wa kwanza unatoa nitrojeni nje. Kwa kuwa agoni haichujwi, kiwango cha juu ni karibu asilimia 95.

Sasa angalia mnyororo wenyewe. Chupa ya kimiminika ilikuwa akiba inayojitegemea. Kwa mtambo huu, pumzi ya rubani inategemea injini, kipozea hewa, vali, zeolaiti, kidhibiti, mpira wa kupitishia hewa na barakoa, vyote kwa mpigo. Injini ikipunguzwa sana wakati wa kushuka, hewa inayochotwa hudhoofika na mtambo hupungukiwa. Bomba la hewa moto likivuja, kompyuta hufunga njia yote kuzuia moto, na oksijeni hukatika nayo. Unyevu ukipita, zeolaiti huunyonya kwa pupa kuliko nitrojeni, hivyo mkebe hupoteza nguvu, na punje zikisagika vumbi huelekea kwenye vali. Vali ikichelewa kugeuka, kiwango hupanda na kushuka bila mpangilio. Mwaka 2018 Jeshi la Anga la Marekani lilisimamisha ndege zake za mafunzo za T-6 kwa karibu mwezi mzima, na uchunguzi ulionyesha kuwa kiwango cha oksijeni ndani yake kilikuwa kikiyumba.

Wanafunzi wengi husahau kitu kimoja: wingi wa mkondo. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 10 kwa dakika, lakini rubani anayekaza mwili ndege ikikata kona kali huvuta kwa kasi ambayo, kwa kitambo kidogo, inaweza kupita lita 200 kwa dakika. Mtambo unaotosha kwa wastani unaweza kumnyima hewa pale pale anapoihitaji. Oksijeni ya asilimia 90 isiyofika haina faida.

Kisa cha F-22 kiliishia wapi? Nilisikia ni sumu, wengine wakasema marubani ni waoga. (Msomaji, Dar es Salaam)

Si sumu, wala si woga. Tarehe 16 Novemba 2010 Kapteni Jeffrey Haney alianguka na F-22, ndege ya kivita ya Marekani, huko Alaska baada ya bomba la hewa moto kuvuja na mtambo wa oksijeni kujizima. Akiba ya dharura ilikuwepo kwenye kiti, lakini ilifunguliwa kwa kuvuta pete iliyo pembeni mwa kiti, mahali pagumu kwa mtu mwenye mavazi mazito ya baridi. Ripoti ya jeshi ilimlaumu rubani. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alisema hitimisho hilo halikuungwa mkono vya kutosha na ushahidi. Sisi tunaona Mkaguzi alikuwa sahihi: huwezi kumuuliza mtu aliyekatiwa hewa kwa nini hakufikiri haraka.

Marubani wengine walikuwa wakilalamika kizunguzungu, na kuanzia Mei hadi Septemba 2011 ndege zote zilikaa chini. Sumu ilitafutwa sana, haikupatikana. Mwaka 2012 jeshi lilieleza sababu: vali inayojaza fulana ya rubani hewa ilikuwa ikifunguka mapema, wakati hakuna nguvu kubwa ya G (ule mkandamizo wa mwili ndege inapokata kona kali), hivyo kifua kilibanwa muda wote wa safari. Juu yake, kichujio cha mkaa, kilichofungwa ili kutafuta hiyo sumu, kilipunguza mkondo wa hewa. Watu walikuwa wakipumua kwa jasho kwenye kimo kikubwa. Kichujio kiliondolewa, vali ikabadilishwa, na ndege zikawekewa akiba ya oksijeni inayojifungua yenyewe.

Jeshi la Majini la Marekani nalo lilipata funzo gumu. Masika ya 2017 wakufunzi wa ndege zake za mafunzo za T-45 walikataa kuruka mpaka tatizo lishughulikiwe, na shughuli zikasimamishwa. Baadaye ilionekana kuwa hewa iliyofika kwenye mtambo kutoka injini haikuwa na nguvu ya kutosha. Wakufunzi wale walistahili kusikilizwa mapema zaidi. Wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walioangalia matatizo ya ndege za kivita za F/A-18 mwaka huo huo walisema jambo lile lile kwa lugha ya kihandisi: uchunguzi ulielekea mno kwenye mashine, ukampuuza mtu anayepumua.

Rubani akihisi dalili afanye nini, hatua kwa hatua? (Msomaji, Mombasa)

Mpangilio hutofautiana kwa kila ndege, na kitabu chake ndicho cha kufuatwa. Msingi ni huu:

1. Avute pete ya kijani ya akiba ya dharura bila kungoja uhakika.
2. Azime au achomoe hewa ya mtambo, ili kama ina kasoro isichanganyike na ya akiba.
3. Ashuke mara moja chini ya futi 10,000. Chupa ya kwenye kiti hutosha takriban dakika 10 tu.
4. Apunguze kasi ya kupumua kwa makusudi.
5. Aangalie mpira, viungio na kimo cha kabini, atangaze dharura, atue.

Hatua ya nne haipo kwa bahati mbaya. Kupumua haraka kupita kiasi hutoa kaboni dioksidi nyingi mno mwilini, na dalili zake ni zile zile: ganzi vidoleni, midomo kuwasha, kizunguzungu. Angani huwezi kutofautisha, na huna haja, kwa kuwa hatua hizi zinatibu yote mawili.

Kwa nini wasimpe asilimia 100 muda wote? (Msomaji, Muscat)

Nitrojeni ina kazi: hainyonywi haraka na damu, hivyo huviacha vifuko vya mapafu wazi. Vikijaa oksijeni tupu, na G ikaukandamiza mwili, oksijeni hunyonywa yote na vifuko vya chini hujikunja. Rubani hutua akikohoa na kifua kikiuma. Ndiyo maana kwenye vimo vya chini kiwango huwekewa ukomo.

Chupa ya hospitali haifai? (Msomaji, Bujumbura)

Haifai. Oksijeni ya urubani lazima iwe kavu kabisa, maana unyevu kidogo huganda kwenye vali kwa baridi ya juu.

Kabla ya kuruka hukaguliwa nini? (Msomaji, Nanyuki)

Kwanza geji ya akiba. Kisha kidhibiti: rubani avute pumzi na aone kiashiria kikicheza kila anapovuta. Viungio vivutwe kwa mkono kuhakikisha vimeshika, na pete ya dharura iguswe kwa mkono ukiwa ndani ya glavu, si mkono mtupu. Mwisho barakoa: rubani azibe mpira kwa kiganja na avute; barakoa ikimng'ang'ania usoni bila kupitisha hewa pembeni, imekaa. Ndevu huharibu mkao huo, na uvujaji mdogo usiotambulika ardhini kwenye futi 35,000 humpunguzia mtu zile sekunde zake chache.