Kwa nini Gran Turismo inaiacha Forza kwa mauzo

Mkuu, umeuliza kwa nini Gran Turismo inauza kuliko Forza Motorsport wakati zote ni gemu kali za mbio za magari. Sababu kubwa ni mashine ya kuchezea, si gemu: Gran Turismo ni ya PlayStation ya Sony, Forza ni ya Xbox ya Microsoft. Gran Turismo ilitoka Japani Desemba 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, na toleo hilo moja tu likapita nakala milioni 10. Forza inazaliwa 2005, mwenzake ana matoleo manne makubwa mkononi, na PS2 (PlayStation 2) imejaa kila kona. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150; Xbox ya kwanza iliishia kama milioni 24. Sasa Forza wangemuuzia nani? Tena Gran Turismo 3 ilikuwa ikifungashwa pamoja na PS2, nayo ikakaribia milioni 15.

Siku hizi hesabu zimevurugika. Forza Motorsport ya 2023 iliingia Game Pass (huduma ya Xbox ya kucheza gemu kwa usajili) siku ileile ilipotoka, kwa hiyo wengi wanalipia usajili tu, hawanunui nakala.

Kwa raha ya kuendesha (msinipige mawe) mimi naipa Forza. Ila Forza Horizon, gemu ndugu yake, usiichanganye humu, ile inatengenezwa na Playground Games wa Uingereza, na 2025 Horizon 5 imeingia hadi PS5.