Kununiana si amani

Kwa miezi mitatu mimi na wifi yangu tuliishi ua mmoja hapa Mwanga, Kigoma, bila kusemezana. Salamu zilikuwa za mbele ya wageni tu. Ndoo zake za maji zilikaa upande huu, zangu upande ule, na watoto walijua upesi kwamba la mama huyu halipelekwi kwa mama yule. Ungeniuliza wakati ule ningekujibu kwamba kwetu kuna amani, maana hakuna aliyepaza sauti.

Chanzo kilikuwa viroba viwili vya dagaa. Tulikuwa tukinunua pamoja Kibirizi wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo na mitumbwi inarudi na mzigo, tunaanika, tunauza. Giza moja nilikwenda msibani Kasulu nikamwachia kazi yote. Niliporudi, viroba viwili havikuwa na hesabu. Nilimwambia jirani. Nilimwambia dada yangu. Nilimwambia hata mama tunayepakana naye meza sokoni. Mwenyewe sikumuuliza.

Aliyenishika mkono ni bibi mmoja Mrundi anayekaa mtaa wa pili, muumini wa Kanisa la Marafiki, hao ambao wengine wanawaita Quaker. Alikulia karibu na Kibimba, ambako Marafiki kutoka Marekani walifungua misheni mwaka 1934. Kati yao alikuwemo Arthur Chilson, yule yule aliyefika Kaimosi nchini Kenya mwaka 1902. Vita ilipolipuka Burundi mwaka 1993, Kibimba nako palimwagika damu, na wanafunzi waliuawa. Kwa hiyo bibi huyu anapotamka neno amahoro, yaani amani kwa Kirundi, halimtoki kama salamu ya mazoea. Nilipomaliza kumlalamikia wifi yangu, aliniuliza swali moja: "Mwanangu, huo ukimya wako una nani ndani yake?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba Marafiki tangu wazee wao wa Uingereza, enzi za George Fox miaka ya 1600, hukaa kimya ili wasikilize, kwa sababu wanaamini kuna kitu cha Mungu ndani ya kila mtu. Marafiki wa huku kwetu huimba na kuhubiri kama makanisa mengine, lakini ule ukimya haujafa. Wangu mimi ulikuwa umejaa wifi. Nilikaa kimya huku nikimhukumu mchana kutwa.

Basi nikaanza kuamka alfajiri, kabla ya watoto, nakaa kwenye mkeka bila simu na bila kuomba lolote. Siku za kwanza niliona dagaa tu. Baadaye kilichonijia kilinitia aibu: majina ya watu wote niliowasimulia. Nilikuwa nimemnyang'anya wifi yangu jina lake mtaani kabla ya kumpa nafasi ya kujibu. Mathayo 18 inasema umwendee aliyekukosea, wewe na yeye peke yenu, nami nilianza na sokoni.

Nilimwendea jioni, wakati kaka yangu hayupo. Nakushauri hivyo hivyo: usiende ukiwa na shahidi, wala mbele ya mume wa mtu, wala kwa ujumbe wa simu. Nilimwambia, "Wifi, viroba viwili sivioni kwenye hesabu, na badala ya kukuuliza nimekusema kwa watu. Nimekosa hapo. Sasa nakuuliza."

Alikiri. Aliuza, akalipa michango na sare za shule za mwanawe, akaogopa kusema. Kisha akaleta lake. Wifi yangu ni Muha wa Kibondo, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nikimtania mbele ya wateja, "huyu Mrundi wetu". Mtu wa Kigoma anajua neno hilo linachoma wapi. Baba yake aliwahi kuitwa na kuhojiwa kuhusu uraia wake, mzee aliyezaliwa hapa hapa, na familia iliishi na hofu muda mrefu. Kila nilipocheka, yeye alimwona baba yake amesimama mbele ya meza ya watu. Viroba vyangu vilikuwa viwili. Deni langu kwake halikuwa na kiroba cha kulipimia.

Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana. Nililala na hasira, naye pia. Tulikubaliana alipe kidogo kidogo, na ikachukua magiza kadhaa. Mimi nilirudi kwa kila niliyemsimulia, mmoja mmoja, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko kulipa fedha.

Nilipochoka, bibi alinisimulia habari za John Woolman, Rafiki wa New Jersey, huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1720. Akiwa kijana aliandika hati ya kuuzwa kwa mwanamke mtumwa kwa sababu mwajiri wake alimwagiza, na dhamiri ikamsuta. Tangu hapo alizunguka kwa miaka mingi kwenye nyumba za Marafiki wenzake waliomiliki watumwa, akizungumza nao uso kwa uso, na aliwalipa watumwa waliomhudumia. Alifariki mwaka 1772. Miaka minne baadaye Marafiki wa Philadelphia walikataza muumini wao kumiliki mtumwa. Sisi tunaopita chini ya miembe ya Ujiji, kwenye njia walikoswagwa watu kutoka ng'ambo ya ziwa kwenda Tabora na pwani, tuna sababu ya kuisikiliza habari hiyo. Mtu mpole alisema ukweli mgumu bila kumtukana mwenye kosa, na hakuacha kusema.

Jambo la kiapo ni dogo lakini limenisaidia. Marafiki hawaapi, ndiyo yao ni ndiyo. Nimeacha "haki ya Mungu" sokoni, na nimejikuta napima ndoo kwa uangalifu zaidi.

Na dada yangu unayepigwa nyumbani, tafadhali usinielewe vibaya. Ondoka kwanza, nenda kwa wazazi, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye dawati la jinsia polisi. Kuvumilia kipigo hakuleti amani, na ukimya wa kuficha majeraha unamlinda anayepiga.

Sasa tuna kiwanja cha marehemu baba, kule Gungu. Kaka wawili wanataka kiuzwe, sisi wengine hatutaki. Tungepiga kura tungeshinda, ila Marafiki hawaamui kwa kura. Husubiri hadi wote waone njia moja, na nimewaomba ndugu zangu tujaribu hivyo. Tumekaa mara tatu. Mara ya mwisho, mdogo wetu wa mwisho, ambaye huwa haulizwi, alisema kwa mara ya kwanza kwamba hana pa kujenga, na hakuna aliyemkatiza. Jumapili baada ya chakula tunakaa tena, na wifi ndiye atakayepika.