Re: Pengo la gego la chini, nina miaka 48

Salamu ndugu. Umesema gego la chini liling'olewa miaka 2 iliyopita na hujui uchague jino bandia la kuvaa na kuvua, daraja (jino bandia linalobebwa na meno ya jirani) au la kupandikiza (linalokaa juu ya skrubu iliyofungwa kwenye mfupa wa taya).

Kwanza kabisa piga eksirei. Jino likitoka, mfupa wa taya husinyaa, na skrubu ya titaniamu inahitaji mfupa wa kuishika. Mwambie daktari kama una kisukari au unavuta sigara, maana kidonda huchelewa kupona.

Mimi nilianza na la kuvua. Chembe za chakula ziliingia chini yake, ufizi ukauma, nikawa nalivua kila nikitaka kula. Daraja nililikataa: meno mawili ya jirani, mazima kabisa, yangechongwa ili yalibebe. Kama ya kwako tayari yameoza au yana viraka vikubwa, hapo daraja lina maana. Nikapandikiza. Skrubu ilikaa miezi 4 ishikane na mfupa ndipo nikavikwa jino juu yake, na sasa natafuna upande ule bila wasiwasi.

Tafadhali usizidi kukaa na pengo. Jino langu la juu lilikuwa limeshaanza kushuka kulifuata.