Jibu langu kwa jamaa wa Wete kuhusu Maskati

Ndugu zangu, mmeniuliza: babu mzaa mama alitoka Ibra, mji wa bara ya Oman, akapanda jahazi bandari ya Sur kwa upepo wa kaskazi, mkononi hana kitu, akafungua duka Wete, huko Pemba, vipi mimi niliyekuja Oman kwa ndege nimetimiza miaka tisa bila hata kibanda? Swali ni la haki, nami nitalijibu bila ya kuficha.

Duka la babu tunalikumbuka kwa harufu ya samli na kahawa, deni lililokuwa nyuma yake tumelisahau. Mchele na nguo alikopa kwa tajiri wa Kihindi, kisha babu akawakopesha wenye mikarafuu mpaka msimu, walipomlipa kwa pishi za karafuu kavu. Mavuno yakiharibika, mzigo wote ulimwangukia yeye. Mwaka jana jamaa zetu wa Ibra walinifungulia kasha wakanionyesha barua zake, karatasi zimekunjwa mara nne na kuchanika kwenye mikunjo. Kila moja inasema biashara ni njema, alhamdulillahi. Hata ile ya mwaka ambao bibi aliweka rehani bangili zake ili shamba letu la mikarafuu lisichukuliwe, maneno ni yale yale. Nililia, kwani nami nimekuwa nikikuandikieni vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba nauza vitambaa katika duka la mtu kwenye soko la Mutrah hapa Maskati, kibali changu cha kukaa kinamtegemea yeye, na chumbani tunalala wanne. Mshahara wa miezi miwili sijaupata. Wale waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, waliikuta nchi ina haja kubwa ya watu waliosoma. Mimi nimekuja nyuma sana, tena uraia hapa hurithiwa kwa baba, na nasaba yangu ya Oman ni ya kwa mama. Watu wema wapo: mzee mmoja aliyezaliwa Chake Chake hunialika kila Ijumaa, tukala wali na kuzungumza Kiswahili mpaka alasiri.

Kijana mnayetaka kumleta asije kwa viza ya matembezi. Asubiri mkataba wa kazi uliotiwa saini, nami nitausoma kwanza. Na nauli yake msiitafute kwa kuuza mikarafuu, kwani shamba hilo ndilo lililookolewa kwa bangili za bibi.