Intaneti haipandi ghorofani

SWALI: Mhariri, nyumba yetu ya Njiro, Arusha, ina ghorofa mbili juu ya sebule. Ruta imo ndani ya kabati la televisheni sebuleni, na hapo mtandao ni mzuri, lakini juu kabisa, anakosomea binti yangu, WiFi hukatika kila mara. Dukani nimeshauriwa ninunue kifaa cha kurudia mawimbi nikichomeke chumbani kwake. Kitasaidia?

JIBU: Kwa kukichomeka chumbani humo, hapana. Kifaa hicho hurudia kile tu kinachokifikia. Kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kudhoofika, simu itaonyesha mistari yote huku kurasa zikigoma kufunguka. Afadhali kikae ghorofa ya kati, ingawa hata hapo vile vya bei nafuu, kwa kuwa hupokea na kutuma kwa redio moja, hupunguza kasi karibu nusu.

Mkosaji wako, kwa maelezo uliyotoa, ni zege. Sakafu yenye nondo huzuia mawimbi kuliko ukuta wa kawaida wa matofali, nanyi mnazo mbili. Kwanza toa ruta kabatini, uiweke juu, mahali pa wazi. Ikiwa ina antena za nje, laza moja, maana antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi zaidi pembeni kuliko juu. Binti naye atumie bendi, yaani masafa ya redio, ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya vizuri kuliko ile ya 5, japo kasi yake ni ndogo.

Yasipotosha hayo, na kwa zege mbili nina shaka yatatosha, mwite fundi apandishe kebo ya mtandao, ya aina ya Cat6, kutoka kwenye ruta hadi ghorofa ya juu, katika bomba lake lenyewe, mbali na nyaya za umeme. Kebo hiyo hufaa hadi meta 100, kwa hiyo nyumba ya kuishi haiimalizi. Mwishoni mwake hufungwa kituo cha pili cha WiFi. Hata ruta ya zamani iliyolala stoo yaweza kufanya kazi hiyo, mradi fundi abadilishe anwani yake ya mtandao isigongane na ya ruta kuu, azime ugawaji wake wa anwani kwa simu na kompyuta na kuchomeka kebo kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani ya nyumba. Vituo vyote viwili vipewe jina na nywila moja, ili simu ihame yenyewe mtu apandapo ngazi. Kebo ikilazimika kupita nje ya ukuta, nunua ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya nje. Ya ndani hupasuka ganda kwa jua.